Somo Atangulie

Nimefanya kazi na wazimamoto zaidi ya nusu ya umri wangu, na bado sijaona viumbe waoga kama wao. Mtanambia moto. Moto hawauogopi, nakubali. Nimewaona kwa macho yangu wakiingia katika nyumba ya makuti inayowaka, wakatoka na godoro, na kuku, na bibi wa watu begani. Lakini mwambie mmoja wao atamke neno "ziwa", la mwanamke, mbele ya watu, uone. Atakohoa, atatazama viatu vyake, atakumbuka kuwa kuna mpira wa maji haujakunjwa.

Mimi nilikuwa mpokea simu. Niliajiriwa katikati ya miaka ya themanini, nna binti bado ananyonya, nikapewa meza, simu nyeusi na kitufe cha king'ora. Kituo kizima nilikuwa mwanamke peke yangu, ukimtoa paka. Kwa hivyo kila jambo lililohusu wanawake lilitupwa mezani kwangu, hata kama halina simu wala moto.

Ndivyo lilivyotupwa na hili. Ilikuwa kwenye kuingia miaka ya elfu mbili, mkuu wetu alipopelekwa semina Ulaya. Akarudi na baridi yabisi na picha. Katika picha hizo, wazimamoto wa huko wamevaa fulana za rangi ya waridi, wanachangisha fedha kwa ajili ya saratani ya ziwa na kuwahimiza wanawake wajichunguze. Mkuu akatukusanya uani. Na sisi tutafanya, akasema. Tutapita mitaani na gari, tutawazindua kinamama, na fedha zitakazopatikana zitawasaidia wale wanaotakiwa kwenda kutibiwa Dar es Salaam na hawana nauli wala pa kufikia.

"Maradhi gani, Mkuu?" nikamuuliza, maana alikuwa ameeleza yote hayo bila ya kuyataja.

"Hayo ya kinamama."

"Kinamama wana maradhi mengi."

"Haya ya..." Akapitisha mkono mbele ya kifua chake kama anayefukuza nzi. "Ya sehemu za juu."

"Kichwa?"

"Bibi wee, mimi nnakuheshimu," akasema, na kikao kikafungwa.

Nilicheka siku ile, lakini moyoni nilikuwa na langu. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye aliyenilea baada ya wazee wangu kufariki, na ndiye aliyenilelea binti yangu nilipokuwa kazini. Mtaani kwetu, nyuma ya uwanja wa Amani, hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Somo. Yeye ndiye aliyewafunda mabibi harusi wa mitaa ile, mama na kisha mabinti zao. Akiwaweka ndani, akiwasinga mwili kwa liwa, akiwafundisha mwili wa mwanamke na wa mwanamme bila ya kupepesa macho. Maneno ambayo mimi siwezi kuyaandika hapa, yeye aliyasema huku anakuna nazi. "Mficha uchi hazai," ndivyo alivyoanza kila mara, na wari wake wakishafundwa, walikuwa wake mpaka kufa.

Basi mwanamke huyo huyo, asubuhi moja kabla ya semina ile, aliniita nimsaidie kuvaa gauni, mkono wa kushoto haupandi. Nikaona. Kando ya ziwa la kushoto, kuelekea kwapani, ngozi imevutika kwa ndani, na chini yake kitu kigumu ukubwa wa kungumanga.

"Shangazi, hiki nini?"

"Nivishe gauni, mbona unakawia."

"Hiki, Shangazi."

"Nimejigonga."

"Umejigonga kwenye nini hapo?"

"We mtoto, mimi nakuuliza unakojigonga wewe?"

Nikamwambia twende hospitali. Akasema baada ya harusi ya mtoto wa jirani. Harusi ikapita. Akasema Shaabani imeingia, watu wote wanataka kuoza watoto wao kabla ya Ramadhani, atawaacha vipi wari wake. Ramadhani ikaja, akafunga. Iddi ikaisha, harusi zikaanza upya. Mji huu, subhanallah, hata siku moja haukosi harusi! Akipata nafasi ya kupumua ananambia nshanywa kombe, nshapaka mafuta ya habasoda, kinapungua. Sina ugomvi na kombe, maneno ya Mungu ni shifaa. Lakini Mungu huyo huyo ndiye aliyewaumba madaktari, na kile kitu kilikuwa hakipungui.

"Unawafundisha watoto wa watu mficha uchi hazai," nikamwambia siku moja nimeshachoka. "Wewe je?"

"Mganga hajigangi."

"Ndiyo maana wakawekwa waganga wengine!"

Akaiacha nazi aliyokuwa anaikuna, akanitazama. "Sikiliza. Nimekulea, nisitiri. Ukimwambia mtu yeyote, radhi yangu huna." Kisha, kama anayenipa peremende baada ya kofi, akaongeza, "Na mimi siendi popote. Binti yako nitamfunda kwa mikono yangu mwenyewe, Inshallah."

Nani anayecheza na radhi ya mlezi wake? Nikaufunga mdomo. Nilikuwa nalala na hasira na naamka nayo. Kila simu ikilia kazini nadhani naitwa nyumbani.

Siku ya kwanza ya kampeni tulikwenda Bububu. Fulana za waridi zimeshonwa, wanaume wamezivaa kama waliovishwa kwa amri ya mahakama. Tumechukua sanduku la michango, spika, na muuguzi mmoja mwanamke, mpole, na begi lake. Spika alipewa mzimamoto wetu mmoja, pande la mtu, dereva wa gari kubwa, mwenye sauti ya kutikisa vioo. Sasa, gari la zimamoto halitoki kituoni tangi tupu, hiyo ndiyo kanuni. Na maji miaka ile, nyinyi mliokuwako mnajua, mfereji ulikuwa unakohoa upepo kutwa. Na kila mtu Unguja alijua kwamba gari letu likiingia mtaani na hapaungui kitu, basi limeleta maji, maana harusini tulikuwa tunapeleka na misibani tunapeleka. Injini haijazimwa, ndoo zishapangwa foleni mpaka barabarani.

"Kinamama watukufu!" jitu letu likanguruma. "Tumekuja kwa ajili ya yale maradhi yenu! Yale ya... ya mbele!"

"Baba, maji hayo ya chumvi?" bibi mmoja akauliza.

"Hapana, Bibi, matamu. Lakini tumekuja..."

"Mungu akubariki. Fungua basi."

Akafungua. Angefanya nini? Mama wa watu wakateka maji, na kwa kuwa wana adabu, na sanduku limewekwa pale pale, kila aliyejaza ndoo akatia chochote. Muuguzi alikaa chini ya mwembe wa watu peke yake mpaka jua likamfuata. Alijiwa na mtu mmoja, ambaye alitaka dawa ya kikohozi.

Mkuu akalitikisa sanduku, uso umemnawiri. "Unaona? Wananchi wameelewa."

"Wameelewa kuwa maji leo yanauzwa!" nikamwambia.

Tuliporudi kituoni nilisema. Nilisema mpaka paka akatoka. Nikawaambia watu mnao, ndoo zinawaletea watu bila ya kadi ya mwaliko. Mlichokosa ni mdomo. Mnataka mtu ambaye kazi yake ni kusema mambo haya, na wanawake wamezoea kuyasikia kwake. Wakatazamana. Pande la mtu ndiye aliyenisaidia.

"Somo," akasema. "Ndiye aliyemfunda mke wangu." Kisha akatazama viatu vyake.

Sikuwaambia kwa nini nimelitaka jina hilo litoke. Radhi ni radhi, mdomo wangu ulikuwa umefungwa, lakini miguu haikufungwa. Kama Shangazi haendi kwa muuguzi, basi nitamleta muuguzi mpaka puani mwake.

Jioni nikamweleza Shangazi. Akasikiliza, anapepeta unga.

"Kuwafundisha nitawafundisha," akasema. "Kazi yangu. Lakini mimi nisiguswe."

"Nani amesema uguswe?"

"Nnakujua wewe."

Tulifanya mtaani kwetu, katika uwanja wa skuli, siku ya mapumziko. Muuguzi akapewa darasa lenye pazia. Nikawaagiza wanaume wafungue maji kidogo kidogo, foleni isiende. Mkuu akasema hiyo ni hila. Nikamwambia naam, ni hila, sasa geukeni. Tukazungusha kanga kwenye kamba, wanawake na ndoo zao ndani, na wazimamoto wakaelekezwa ukutani na fulana zao za waridi, mmoja tu kashika mpira, naye ametupa mgongo.

Shangazi akasimama juu ya benchi. Hakutaka spika. "Mficha uchi hazai," akaanza, na wanawake wakaangua kicheko, maana nusu ya foleni alikuwa ameifunda yeye. Akawaambia: unapokwenda sokoni Darajani kununua embe, unalitazama tu? Unalibonyeza, unaligeuza, unalinusa, na embe lenyewe utalila likaisha. Hili ziwa ulilopewa na Mola wako, ulilomnyonyeshea mwanao, hulijui hata likoje! Akawaonyesha kwa vidole juu ya kanga yake, zungusha hivi, shuka hivi, usiache kwapani. Ukikuta kigumu, ukiona ngozi imevutika, ukiona chuchu imezama, usingoje mpaka kianze kuuma. Maradhi haya hayangojei mtu amalize shughuli zake. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikuwa nyuma na nilitaka kumrukia. Alikuwa anasema neno kwa neno yale niliyokuwa nikimwambia yeye tangu kabla ya Ramadhani, na vidole vyake vilizunguka upande wa kulia tu.

"Haya," akasema alipomaliza. "Yule pale mwanamke mwenzenu. Ingieni awatazame."

Hakuna aliyesogea.

"Mna nini? Ingieni!"

Mmoja wa wari wake wa zamani, mama wa watoto sasa, anauza urojo karibu na uwanja wa Amani, akaiweka ndoo yake chini. "Somo atangulie," akasema.

Niwaeleze wasiojua. Kwetu bi harusi haingii chumbani kabla ya somo wake. Somo ndiye anayetangulia, akakitazama kitanda, akakaa juu yake, akahakikisha hapana baya, ndipo anamwita mwari wake aingie. Ndivyo Shangazi alivyowaingiza wote hao, mmoja mmoja, katika siku waliyoogopa kuliko zote.

"Mimi somo wa harusi," Shangazi akasema. "Si wa hospitali."

"Somo ni somo."

"Ulituambia mlango tusioujua tusiuingie bila yako," akadakia mwengine.

"Jamani, mimi mtu mzima, nna nini cha kutazamwa?"

"Somo atangulie!"

Ikashikwa na foleni yote. Wakapiga makofi, kisha wakageuza ndoo wakapiga ndoo. Ikawa ngoma ile ile anayowapigia yeye siku za kufundwa, anaijua kila pigo, na safari hii anapigiwa yeye. Mshika mpira akasahau kufunga. Maji yakafurika, yakapita katikati ya miguu ya watu, maji yale tuliyokuwa tukiyapigania kwa viwiko kila siku, na hakuna hata mmoja aliyeinama kuyateka.

Shangazi akanitazama. Jicho lile nnaliona mpaka leo. Alidhani nimesema. Nilitikisa kichwa, wallahi sikusema, lakini alishageuka. Akashuka benchini, akaikaza kanga yake kifuani, akaingia darasani, na pazia likaanguka nyuma yake.

Ngoma ikanyamaza. Tukasimama kwenye matope na fulana za waridi zikiwa bado zimeelekea ukutani. Sijui alikaa humo muda gani. Alipotoka, kifungo cha gauni kilikuwa kimefungwa mahali pasipo pake.

"Mikono yake baridi," akasema. "Lakini haumizi. Haya, mmoja mmoja, na msimsukume mtoto wa watu."

Wakaingia mpaka Alasiri. Muuguzi alitoka mwisho, akanitafuta kwa macho, wala hakuwa na haja ya kunambia.

Nyumbani Shangazi hakusema nami. Nilipika, hakula. Niliapa, hakusikiliza. Hospitali alikwenda, kwa sababu muuguzi alimfuata mwenyewe na yule muuza urojo akaja akakaa barazani mpaka Shangazi akavaa baibui. Wakamwandikia Dar es Salaam. Fedha ya kwanza ya lile sanduku ikatumika kwake, na hata hapo alitafuta pa kukwama.

"Hizo fedha za maji," akasema. "Watu wa Bububu wamelipia maji, hawakunilipia mimi."

"Shangazi, panda boti!"

Pande la mtu alimchukulia mkoba mpaka bandarini, amevaa ile fulana bila ya kuambiwa. Ndani ya boti Shangazi akanipa kisogo mpaka tukafika.

Siku moja kabla ya kupasuliwa, wodini, sikuweza tena. Nikamwambia utakwenda kwenye kisu huku umeninyima radhi kwa kosa nisilolifanya? Sikumwambia mtu. Nilikwenda kumuuliza yule mwari wako wa urojo, nani amekwambieni. Akanambia hakuna. Walikuona harusini hunyanyui mkono kwenye ngoma. Walikuona unakuna nazi kwa mkono mmoja. Ukimsinga bi harusi, kushoto kunasingwa na mtu mwengine.

Shangazi akageuka, mara ya kwanza tangu Unguja.

"Nani na nani walijua?"

"Wote, Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Na wakaninyamazia?"

Hapo hasira yangu ya miezi yote ikatoka. Wagonjwa wengine wakageuza vichwa, nikawaacha wageuze. "Walikustahi! Walikuwa wanangoja useme wewe! Na mimi umenifunga mdomo, na wao wameufunga wao wenyewe, mtaa mzima unajua na mtaa mzima unakuamkia shikamoo Somo, marahaba wanangu, hujambo, sijambo! Heshima gani hii ya kumsindikiza mtu kaburini?"

Hakunikaripia. Alikuwa anazitazama kanga zake zilizokunjwa miguuni mwa kitanda.

"Niliwafunda kutazama," akasema. "Kusema sikuwafunda."

Kisha akaunyoosha mkono wake mzima, akanishika, akanambia radhi ninayo, siku zote nilikuwa nayo.

Walimkata ziwa. Daktari akaniita pembeni akanambia amechelewa, ugonjwa umeshatambaa, tutampunguzia tu. Angekuja kilipokuwa punje! Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo, na wala sijamaliza kumkasirikia. Yule muuza urojo, aliyeingia wa pili siku ile, alikutwa nacho kidogo mno, kikatolewa hapa hapa Unguja, na mpaka leo anakunyima mbatata ya ziada ukimwomba.

Shangazi alirudi, akapata miaka michache, si mingi. Alirudi kazini kwake moja kwa moja. Wazimamoto wakaja kumtazama na kikapu cha machungwa. Pande la mtu akauliza, "Somo, hujambo? Na... hapo?"

"Hapo wapi?"

"Hapo."

"Kunywa maji, kisha sema."

Jasho likamtoka kuliko la moto wowote niliomtuma mimi. "Ziwa, Somo. Ziwa lako."

"Hewala. Basi ukalisemee kwenye spika." Na alilisema, lazima nimpe haki yake. Safari ya pili Bububu alilisema mpaka kuku wakakimbia.

Mwari wa mwisho wa Shangazi alikuwa binti yangu. Mwili ulikuwa umeisha, kikohozi hakimwachi, lakini alikataa katakata mtu mwengine amfunde. Mimi nilikuwa uani, nna ungo mapajani, napepeta mchele wa harusi. Dirisha lilikuwa wazi. Nilijua anachokifanya mle ndani, maana aliwafanyia wote tangu aliporudi Dar: anamshika mwari mkono, anauweka penye kovu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Binti yangu akanong'ona.

"Sisikii."

"Ziwa, Bibi."

"Likapatwa na nini?"

"Saratani."

"Na mimi nikafanya nini?"

Nikamsikia mwanangu anaanza kulia.

"Sema. Sema mama yako akusikie huko nje."

"Ulinyamaza, Bibi."

"Naam," akasema Shangazi. "Nilinyamaza."

Nikauweka ungo chini. Mchele nilikuwa siuoni tena.